Viti Sita Ni Vyetu: Wito kwa Wakazi wa Garissa

Mathenge haukujileta Garissa. Uliletwa, na walioupanda walikusudia kheri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati miradi ya kunyunyizia mashamba maji ya Bura na Hola ikisifiwa kila mahali, wataalamu waliona ndio mti wa nchi kavu: unavumilia jua, haubagui udongo wa chumvi, unatoa kuni na kivuli, na maganda yake huliwa na mifugo. Yaliyofuata hayahitaji kusimuliwa kwa mtu wa huku. Ukishuka leo kuelekea mtoni utakuta umefunga njia za mifugo na kumeza mashamba yaliyolazwa msimu mmoja tu. Miiba yake inatoboa tairi la bodaboda na unyayo wa ngamia, na mbuzi aliyezoea yale maganda matamu huishia kuoza meno. Mwaka 2006, ndugu zetu wa Ilchamus kutoka Baringo walimfikisha mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu, kana kwamba ulivuka jangwa kwa miguu yake.

Ninachojiuliza ni hiki. Kabla ya mche wa kwanza kushushwa kwenye lori, kulikuwa na meza ambayo mfugaji wa Fafi angeketi, anyanyue mkono, aulize, "Mbuzi wangu akila haya maganda kila siku kwa miaka mitano, itakuwaje?" Sheria ya kuiweka meza hiyo haikuwapo. Sasa ipo, na viti vyake tunavijua idadi. Wito wangu kwenu, ndugu zangu wa Garissa, na kwenu majirani wa Wajir na Mandera ambao sheria ni ileile, ni kwamba tukaketi.

Meza yenyewe inaitwa Kamati ya Mazingira ya Kaunti. Asili yake ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyoanza kutumika Januari 2000. Wakati ule zilikuwa kamati za mkoa na za wilaya, nasi Garissa tulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ugatuzi ulipoingia, marekebisho ya 2015 yakaiweka kamati moja kwa kila kaunti, na gavana ndiye anayeitangaza kwenye Gazeti Rasmi. Mwenyekiti ni waziri wa kaunti mwenye dhamana ya mazingira. Katibu ni afisa wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, aliyepo kaunti. Zipo nafasi za wizara mbalimbali za serikali kuu, na mjumbe wa kila mamlaka ya maendeleo ya kanda ambayo eneo lake linaigusa kaunti. Kisha zinafuata nafasi zinazotuhusu sisi: wawakilishi wawili wa wakulima au wafugaji, wawili wa wafanyabiashara, na wawili wa mashirika ya kijamii yanayoshughulika na mazingira.

Wawili na wawili na wawili. Viti sita ambavyo havikuwekwa kwa ajili ya mtu mwenye barua ya ajira ya serikali. Kwa kaunti iliyohesabiwa kuwa na watu 841,353 katika sensa ya 2019, viti sita ni vichache mno, nakubali. Lakini hebu tuulizane kwa upole: ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja kwa jina hata mmoja kati ya wanaovikalia? Tunamjua mwakilishi wadi wetu, chifu tunamjua, imamu wa mtaa tunamjua mpaka na ndugu zake. Mjumbe wa wafugaji katika kamati inayopanga malisho ya miaka mitano ijayo, hatumjui.

Tuseme ukweli kuhusu uwezo wake kabla mtu hajatuvunja moyo. Kamati hii haikamati mtu. Haitoi leseni, haifungi kichinjio, haina askari. Kazi yake kubwa kisheria ni kusimamia utunzaji wa mazingira katika kaunti na kuandaa mpango wa mazingira kila baada ya miaka 5, mpango unaopelekwa katika bunge la kaunti. Mengine ni kushauri. Hapo ndipo mtu husikika akisema, basi ni kamati ya maneno tu.

Maneno, ndiyo. Lakini sisi tuna ushahidi wetu wenyewe wa kile ambacho maneno yaliyowekwa mahali pake yanaweza kufanya, na ushahidi huo una pembe mbili.

Hirola ni mnyama wa kwetu. Duniani kote, mahali pake pa asili ni ukanda huu wa mpaka wa Kenya na Somalia, na waliobaki porini hawafiki 500 kwa makadirio yanayotumika sasa. Hifadhi ya Arawale ilitengwa mwaka 1974 kwa sababu yake. Mwaka 1996 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilianza kuwahamisha hirola kuwapeleka Tsavo. Hoja ya shirika haikuwa ya kijinga: huku kulikuwa na ujangili na usalama mbovu, na kule Tsavo kundi dogo lilikwisha kupelekwa tangu 1963. Ila wenyeji wa Garissa hawakuridhika. Watano kati yao walikwenda Mahakama Kuu. Hawakwenda kudai fidia ya ng'ombe wala pesa ya utalii. Walidai kwamba mnyama huyu ni urithi wa mahali hapa, na kwamba kumwondoa ni kuwanyang'anya watu wa hapa kitu chao. Mahakama ikakubaliana nao: sheria ililipa shirika jukumu la kuwahifadhi wanyama katika mazingira yao ya asili, haikulipa ruhusa ya kuwabeba na kuwapeleka kwingine.

Wapo hirola waliokwisha kusafirishwa kabla ya neno la mahakama kuwafikia, na kizazi chao kipo Tsavo mpaka leo. Lakini kesi ile ilibadilisha mwelekeo. Miaka kumi hivi baadaye, wafugaji wa Ijara walijitengea wenyewe ardhi yao, ikawa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 wakaingizwa ndani ya uzio uliojengwa kuwazuia simba na fisi. Wakazaana. Kumbuka walioanza: ni watu waliotajwa miaka nenda miaka rudi kama maadui wa wanyamapori, wafugaji wa Kisomali wasiojua chochote ila ngamia.

Mwaka 1996 hakukuwa na Katiba ya 2010, hakukuwa na sheria ya 1999, hakukuwa na kiti hata kimoja. Walilazimika kutafuta wakili na kuingia mahakamani. Sisi leo Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi na salama, na Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba anayelalamika mahakamani kuhusu haki hiyo hahitaji kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara. Na kabla hata ya kufika huko tuna kamati. Tunayo njia fupi kuliko yao, na tunaitumia kidogo kuliko walivyotumia ndefu.

Sasa twende mtoni, kwa sababu nadhani hapo ndipo kamati hii ingeweza kutufaa kuliko mahali pengine popote.

Kila anayeishi kando ya Tana, kuanzia Balambala kupita Sankuri na Korakora hadi kuteremka Masalani, anaijua malka. Ni njia ya mifugo kufikia maji, na nyingine zina majina ya zamani kuliko mji wenyewe wa Garissa. Wakati wa jilaal, yaani kiangazi, mabwawa yakishakauka kule ndani, malka ndiyo uhai. Ng'ombe walio na siku mbili bila maji hunusa mto kutoka mbali na kuanza kukimbia. Mchungaji anabaki nyuma akipiga mluzi, vumbi limemfunika mpaka nyusi. Akifika chini anakuta nini? Anakuta ua wa matawi ya miiba umesogea. Msimu uliopita ulikuwa kwenye ule mkwaju, sasa uko hatua ishirini mbele ya mkwaju, na upande wa pili kuna shamba jingine la migomba, na mashine ya kuvuta maji inanguruma, na bomba limekatiza njia. Palipokuwa pakipita kundi zima pamebaki mwanya wa ng'ombe watatu. Wanajibana, wanasukumana, mmoja anaangukia kwenye tikiti maji la mtu. Yanayofuata mnayajua, na wakati mwingine huishia hospitali ya rufaa au makaburini.

Simlaumu mkulima. Munyoyaya, Mmalakote, na Msomali aliyepoteza mifugo yake katika ukame akashika jembe, wote wana watoto wa kusomesha, na ndizi na maembe ya Garissa ndiyo yanayolisha soko letu. Mvua zilipokataa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, maeneo kame ya Kenya yalipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Watu wa namna hiyo watakwenda wapi kama si mtoni? Kila mwaka wakulima wataongezeka. Malka hazitaongezeka.

Basi tazama jinsi sheria ilivyopanga viti: wawakilishi wawili wa wakulima au wafugaji. Aliyeandika sentensi hiyo Nairobi labda hakuwahi kuiona malka, lakini bila kukusudia ameweka kwenye meza moja watu wawili ambao huku kwetu hukutana wakiwa na fimbo na panga. Hebu fikiria mpango wa mazingira wa Garissa ukiwa na ukurasa wa malka: kila moja kwa jina lake, upana wake, inaanzia wapi na inaishia wapi, wazee gani wa upande huu na wa upande ule wanaiangalia. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Inahitaji wazee wanne, kijana mmoja mwenye simu ya kuchukua alama za mahali, na katibu anayeandika. Siku ua utakaposogezwa, hatutaanza kubishana nani alikuwa hapa kwanza tangu enzi za Mkoloni. Tutafungua ukurasa.

Hiyo ndiyo sababu nasisitiza kuandika. Wasomali tuna xeer, sheria yetu ya kimila, na xeer imetatua mengi ambayo polisi na mahakama zilishindwa. Lakini inaishi vichwani mwa wazee, na wazee wanatutoka. Halafu anayekuja na mradi mkubwa haendi kuuliza chini ya mti, anasoma nyaraka. Asipoona malka kwenye nyaraka, kwake hakuna malka, kuna ardhi tupu kando ya mto. Ardhi yetu nyingi bado haijasajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na kaunti inaishikilia kwa niaba yetu. Waraka wowote unaoonyesha kwamba ardhi hiyo inatumika, na inatumiwaje, ni kinga.

Miradi mikubwa ipo na mingine inakuja. Kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilifunguliwa Desemba 2019 hapa karibu na mji. Ukanda wa LAPSSET, ule wa barabara na bomba kutoka Lamu kwenda Isiolo, unapita katikati ya kaunti yetu. Mimi sipingi maendeleo. Nimesafiri kwenye barabara zetu mvua zikinyesha, najua thamani ya lami. Nasema tu kwamba kila mradi wa namna hiyo lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na NEMA hutoa tangazo la kuwataka wananchi wapeleke maoni, kwa kawaida ndani ya siku 30. Majirani zetu wa Lamu walituonyesha uzito wa haki hiyo ya kushirikishwa. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ilikwisha kutolewa, wawekezaji wako tayari, serikali inaunga mkono, na bado Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira liliifuta. Sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu wa Lamu walifika mbele ya baraza wakiwa na hoja. Kama wangekuwa na hasira peke yake, leo wangekuwa wanavua majivu.

Jambo jingine la mto ni mafuriko. Novemba 2023 maji yalikata barabara ya Madogo, mji ukabaki kisiwa upande wa Nairobi, na Aprili 2024 yakarudi tena na watu wakafa maji wakijaribu kuvuka kwa mashua. Masinga na mabwawa mengine ya juu yanapojaa na kumwaga, huwa tunaambiwa tuhame. Tunahama, tukirudi tunajenga palepale, kwa kuwa hakuna aliyechora mstari wa wapi maji hufika. Na hata tukichora, mto wenyewe ndio mpaka: ng'ambo ya daraja ni Kaunti ya Tana River, yenye kamati yake. Maji hayajui kaunti. Ningependa kuziona kamati hizi mbili zikikutana angalau mara moja kabla ya kila msimu wa mvua, hata kama ni kunywa chai darajani.

Takataka nitazipitia haraka, maana kila mtu ana macho. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na bado miti yetu ya miiba imevaa mifuko. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti zitenganishe taka na zijenge vituo vya kuzichambua. Wakati tunasubiri, korongo wa Garissa ndio wafanyakazi wa usafi wenye bidii kuliko wote, hawajawahi kugoma. Mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni anajua ni ng'ombe wangapi wamechinjwa wakakutwa na plastiki tumboni. Je, yeye hafai kuwa mmoja wa wale wawakilishi wawili wa wafanyabiashara? Mbona tukisikia "mfanyabiashara" tunamwona mwenye ghorofa na maduka ya jumla?

Na Dadaab. Kambi zilianza 1991, zikakusudiwa watu 90,000, na mwaka 2011 zilipita watu 460,000. Kila jiko linataka kuni. Miti iliyokatwa kuzunguka Ifo, Dagahaley na Hagadera haikuwa ya mkimbizi wala ya mwenyeji peke yake, na chuki haitairudisha. Hata hivyo suala la kuni na nishati mbadala halipaswi kuwa la mashirika ya misaada na wafadhili wao tu. Wajumbe wetu wanapaswa kulifungua kila wanapokutana, na wakimbizi wenyewe wapewe nafasi ya kusikilizwa, kwa sababu tunakata mti mmoja na kunywa kisima kimoja.

Nakuja kwenye manung'uniko, kwa maana najua yapo. Kamati nyingi katika nchi hii hugawanywa kwa mizani ya koo, mjumbe akachaguliwa kwa sababu zamu ya watu wake imefika. Nyingine hukutana hotelini mbali na wanaowakilishwa, ripoti zikaandikwa kwa Kiingereza kizito, zikafungwa kwa jalada zuri, zikawekwa kabatini. Siwezi kuapa kwamba ya kwetu itakuwa tofauti. Najua tu kwamba kamati isiyoulizwa maswali haiwezi kuwa tofauti. Koo zitagawana viti, sawa. Basi kila ukoo umtoe mtu anayejua malisho, asiyeogopa kusema, na atakayerudi msikitini au sokoni kueleza kilichosemwa. Na ripoti isomwe redioni kwa Kisomali na Kiswahili. Redio inafika mahali ambapo gari la kaunti halijawahi kufika.

Akina mama, nawataja mbele ya wote. Anayetembea kutafuta maji ndiye anayejua kisima kipi kimeanza kuwa na chumvi na ni mwaka gani kilianza. Anayekata kuni anajua mti upi umepotea. Katiba inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuteuliwa, lakini msingojee theluthi mliyotengewa, pelekeni majina. Vijana nanyi, mnaopiga picha kila kitu: mwaka huu pigeni picha za ukingo wa mto mahali palepale kila mwezi. Baada ya miaka miwili mtakuwa na ushahidi ambao hata chuo kikuu hakina.

Ipo pia ngazi iliyo chini ya kamati ya kaunti ambayo wengi wameisahau. Garissa ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo nchini kujaribu mfuko wa tabianchi wa kaunti, baada ya Isiolo kufungua njia, na mpango huo una kamati za wadi zinazochagua miradi: kisima hiki kifukuliwe, bwawa lile lizungushiwe ua, malisho haya yapumzishwe. Pesa hufuata uamuzi wa wadi. Mkutano wa wadi ukiitishwa usiseme una shughuli. Waliohudhuria ndio watakaoamua bwawa lichimbwe wapi, na ukiwa hukuwepo, usishangae likichimbwa kwenye mchanga usioshika maji.

Na ya mwisho kwa utaratibu, kwa kuwa wengi huniuliza tuanzie wapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma kwa Kiswahili. Kama hujui kuandika, unasema kwa mdomo na afisa anawajibika kukuandikia. Wana siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili, huhitaji kumjua mtu.

Kwa hiyo naomba jambo moja, na naliomba kwa heshima kwa wazee, akina mama, masheikh, walimu na vijana. Mwezi huu, watu watano wa kila bulla na kila kijiji waende pamoja, kwenye ofisi ya mazingira ya kaunti au kwa chifu wao, waulize maswali haya: Kamati yetu imetangazwa katika Gazeti Rasmi? Wanaokalia vile viti sita ni akina nani? Mpango wa mazingira wa miaka 5 unaotumika ni wa mwaka gani, na nakala yake tuisome wapi? Kama jibu ni kwamba viti viko wazi, rudini nyumbani mkakae, mpendekeze majina na kuyapeleka kwa maandishi kwa gavana, nakala kwa mwakilishi wadi. Kama vimejazwa, mwalikeni mjumbe wenu aje anywe chai nanyi, mwambieni habari ya malka yenu, na msimruhusu aondoke mpaka aiandike.